Goti la mpanda baiskeli

Wewe unayesomba maji Handeni au mkaa kuelekea Korogwe kwa baiskeli, huenda goti linakuuma kwa mbele, hasa unapoinuka kutoka sijda. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na siti ikiwa chini mno goti ndilo hulipa. Wengi hukimbilia kuchua kwa nguvu, likazidi kuvimba.

Jipime. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukibaki umekunjika, fundi aipandishe siti kidogo kidogo mpaka unyooke. Ni kazi ya spana tu!

Kisha punguza mzigo siku kadhaa, na likande kwa kitambaa cha maji baridi dakika 15, mara tatu kwa siku. Diklofenaki usimeze tumbo tupu. Ramadhani ngoja ufuturu. Mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo asiiguse bila ya kumuona tabibu. Sijda ikikushinda, swali umekaa.

Goti likiwa la moto, limevimba na una homa, au ukipata ganzi kati ya mapaja na mkojo ukagoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.