Je, Wajua? Buabua wa Kiunga

Je, wajua kwamba Kiunga, huko Lamu karibu na mpaka wa Somalia, ina visiwa vidogo zaidi ya 50 vya mawe ya matumbawe? Vingi havina hata kisima. Wapangaji ni buabua, ndege wa baharini, na kodi hawalipi! Hifadhi ya bahari ilitangazwa 1979, wao walikuwa wamekwisha kuhamia zamani.

Aina moja ya buabua nakuomba uitazame vizuri. Msimu wa kutaga ukifika, kifua chake cheupe huingia rangi ya waridi na mdomo mweusi ukaanza kuwa mwekundu. Uzito? Gramu 110 hivi. Pakiti ya robo kilo ya majani chai inamshinda mara mbili!

Kiota je? Hana habari nacho. Yai moja au mawili, juu ya jiwe tupu, yakiwa na madoadoa ya rangi ya jiwe lenyewe. Wewe unayekwenda kuwahesabu ndege hawa, angalia unapokanyaga! Na usikawie: ukimfukuza mama, jua linalipika yai, na shakwe yuko pembeni anangoja zamu yake.

Kisha anahamahama. Mwaka huu kisiwa hiki, mwakani kile. Rudi pale pale na daftari lako, huenda ukakuta kinyesi kitupu.

Je, wajua dawa ya hapo? Pete mguuni, ili ajulikane popote aendapo. Buabua hawa waliovishwa pete Japani walionekana Australia!

Lakini binadamu hakuwapenda kwa pete tu: karne ya 19 manyoya yao yalipamba kofia za mabibi wa Ulaya. Mwaka 1889 wanawake wa Manchester walichoka, wakaanzisha chama cha kutetea ndege ambacho kipo hadi leo. Huko Rockabill, Ireland, buabua wa aina hii walijengewa visanduku vya mbao vya kutagia: jozi 152 mwaka 1989, zaidi ya 1,500 kufikia 2018. Wetu hata visanduku hawadai. Wanataka mayai yao yasigeuzwe kitoweo, basi.

Na yule ndege mwingine, mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, unayemwona kwenye fukwe za Lamu wakati wa kaskazi? Akienda kutaga Somalia au Oman huchimba shimo mchangani, akaweka yai moja jeupe. Joto la humo ni nyuzi 35, mchanga unaatamia. Watafiti walikuta yai limeachwa peke yake saa 58! Mzazi gani mwingine unamjua mwenye likizo kama hiyo?