Kamongo, Samaki Avutaye Pumzi

Katika Ziwa Victoria yuko samaki ambaye, akizuiwa asije juu ya maji, hufa maji kama mtu. Wajaluo humwita kamongo, na Waganda humwita mmamba. Mtu wa pwani afikapo Uganda na kusikia kwamba mmamba huliwa, huenda akastaajabu mno, mpaka aonyeshwe kwamba ni samaki, wala si yule mnyama wa mtoni aulaye watu. Walakini wako Waganda wasiomla kabisa, kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo wao.

Kamongo aweza kufika urefu wa futi 6 na zaidi, na wako waliopimwa wakaonekana kuwa na uzito wa kilo 17. Umbo lake lafanana na la mkunga, na mapezi yake manne ni membamba kama kamba. Hupatikana pia katika maziwa ya Kyoga, Albert, Edward na Tanganyika.

Samaki wengi huishi kwa hewa iliyomo ndani ya maji, waipatayo kwa matamvua. Kamongo naye anayo matamvua, lakini ni dhaifu. Aliyekomaa hupata karibu sehemu tisa katika kumi za hewa yake kwa mapafu mawili. Basi mara kwa mara sharti ainue kinywa juu ya maji na kuvuta pumzi. Kwa sababu hiyo aweza kukaa katika vinamasi vya mafunjo, ambamo majani yaozayo huimaliza hewa ya majini hata samaki wengine wengi hawawezi kuishi.

Maji yakikauka, hujichimbia katika tope, hujikunja, na kutoa ute ambao hukauka ukawa mfuko mwembamba wenye tundu dogo mbele ya kinywa. Humo hulala bila kula wala kunywa, akiishi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe, na amepata kuishi hivyo zaidi ya mwaka mzima. Mtaalamu mmoja wa Marekani aliyechunguza kazi ya figo, Homer Smith, alifika Ziwa Victoria mwaka 1928 kumtafuta samaki huyu, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita kwa jina lile lile la Kijaluo. Lakini ndani ya ziwa lenyewe, ambalo halikauki, ni nadra kamongo kuhitaji kulala hivyo.

Chakula chake ni samaki wadogo, wadudu, na hasa konokono, ambao huwaponda kwa meno yake yaliyo kama mabamba. Wavuvi hujihadhari sana na kinywa chake.

Wakati wa kuzaa, dume huandaa shimo ukingoni mwa kinamasi, kati ya mafunjo. Jike akiisha kutaga huenda zake. Dume ndiye abakiye kuwalinda watoto, ambao kwanza huwa na matamvua ya nje kama viluwiluwi. Kwa kuwa haondoki mahali pake, ni rahisi sana kumvua. Mvuvi hupata samaki mmoja tu, na watoto wote huachwa kwa adui zao.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba katika Ghuba ya Mwanza kamongo walipungua mfululizo tangu 1973 hata 1990. Uvuvi wa madume yalindayo watoto ulitajwa kuwa sababu mojawapo, pamoja na vinamasi kugeuzwa mashamba, na kuingizwa ziwani kwa sangara, yaani mbuta, tangu miaka ya 1950. Huku Kenya nako, sehemu ya kinamasi cha Yala ilikaushwa ipate kulimwa. Ni kweli kwamba ardhi ile ina rutuba na watu wahitaji chakula. Ajabu ni kwamba katika Ziwa Baringo, ambamo kamongo hakuwamo kabisa mpaka alipoletwa katika miaka ya 1970, alizidi sana hata akawa sehemu kubwa ya mavuno ya wavuvi.

Sangara ahitaji maji yenye hewa nyingi, wala hawezi kukaa ndani ya mafunjo mazito. Kamongo huweza, na baadhi ya samaki wadogo vile vile. Mafunjo yakikatwa na maji kuondolewa, hupoteza mahali ambapo sangara hawezi kuwafuata.