Kuinua Gari kwa Ajili ya Barabara Mbovu: Sentimita Ngapi Ni Salama?

Na Mwandishi Wetu

Kila msimu wa mvua unapokaribia, karakana nyingi nchini, hususan za Arusha na miji mingine inayohudumia watalii, hupokea wamiliki wa magari wanaotaka magari yao yanyanyuliwe. Hoja yao ni ya msingi: barabara za udongo mweusi huchimbika, mifereji huongezeka kina, na gari lililo chini hugota kwenye matuta au kukwama kabla halijafika linakokwenda. Hata hivyo, urefu unaolisaidia gari kupita kwenye tope unaweza kulipindua kwenye kona ya lami. Ndiyo maana uamuzi wa kuinua gari unapaswa kutanguliwa na vipimo badala ya mvuto wa mwonekano.

Jambo la kwanza ambalo mmiliki anapaswa kulifahamu ni kwamba kuinua springi hakuongezi nafasi kila mahali. Katika magari yenye ekseli nzima, kama vile Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazotumika sana katika utalii, afya na shughuli za kiutawala vijijini, springi ndefu huinua chasisi na bodi, lakini ekseli na difu hubaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi kubwa pekee, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo chake. Kwa mfano, tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha takribani milimita 777, na la 285/75R16 takribani milimita 834. Tofauti ni milimita 57, lakini difu hupanda kwa milimita 28 hivi. Kwa hiyo, mwenye gari ambalo difu yake ndiyo inayogota hatapata nafuu kwa kubadilisha springi peke yake.

Jambo la pili ni uthabiti wa gari. Kipimo rahisi kinachotumiwa na wataalamu ni kugawa upana uliopo kati ya tairi la kushoto na la kulia kwa mara mbili ya urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Chukulia gari lenye upana wa milimita 1,500 na kitovu cha uzito kilicho milimita 750 juu ya ardhi. Jibu ni 1.0. Kitovu hicho kikipanda kwa milimita 50, jibu hushuka hadi 0.94, na kikipanda kwa milimita 100, hushuka hadi 0.88. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi zaidi dereva anapokata kona kwa kasi au kumkwepa mnyama ghafla.

Hesabu hiyo ni ya gari lisilo na mzigo wa juu. Gari la utalii huwa na paa linalofunguka, keria, tairi la akiba, mizigo na abiria walioketi juu ya usawa wa chasisi. Vyote hivyo hupandisha kitovu cha uzito kabla fundi hajagusa springi. Gari la namna hiyo likiongezewa sentimita 10 huwa limepoteza uthabiti mara mbili.

Athari nyingine hujificha chini ya gari. Katika ekseli ya mbele inayotumia springi za koili, kuinua gari hubadilisha mwinamo wa ekseli, usukani ukawa mwepesi kupita kiasi na usirudi katikati wenyewe baada ya kona. Mipira ya breki huvutika na inaweza kukatika gurudumu linaposhuka shimoni. Propela shafti hufanya kazi kwa pembe kali zaidi na viungio vyake huchakaa mapema. Taa za mbele huelekea juu na kuwapofusha madereva wanaokuja.

Hatari isiyofahamika na wengi ipo kwenye breki za nyuma. Baadhi ya magari ya mizigo na ya magurudumu manne yana vali iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari linapobeba mzigo na kushuka, vali hiyo huongeza nguvu ya breki za nyuma. Gari likiinuliwa bila fimbo hiyo kurekebishwa, vali huchukulia kwamba gari ni tupu hata likiwa limejaa abiria. Breki za nyuma hudhoofika, na gari husimama mbali kuliko dereva alivyotarajia.

Tairi kubwa nalo hupotosha kipimamwendo. Kwa mabadiliko ya tairi yaliyotajwa hapo juu, kipimamwendo kikionesha kilomita 50 kwa saa, mwendo halisi huwa karibu kilomita 54. Dereva anaweza kuvunja sheria akiamini kwamba anaitii.

Kwa kuzingatia hayo, urefu ulio salama ni ule mdogo kabisa unaotatua tatizo lililopo. Hatua ya kwanza ni kupima umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mara nyingi hugundulika kwamba springi zimechoka, na kuziweka mpya zinazolingana na uzito huo hurudisha gari katika urefu wake wa awali bila kuliinua. Ikiwa bado haitoshi, ongezeko la hadi milimita 50, likiambatana na shokomzoba zenye urefu unaolingana, ndilo linalochukuliwa na mafundi wengi kuwa mpaka wa kazi ya kawaida. Zaidi ya hapo, kazi huhitaji marekebisho ya usukani, breki na propela shafti, na isifanywe bila mhandisi wa magari. Kuweka vipande vya chuma juu ya springi zilizochoka si suluhisho, kwani udhaifu wa springi hubaki pale pale.

Baada ya kazi, gari lipimwe ulinganifu wa magurudumu, taa zirekebishwe, na mipira ya breki ikaguliwe huku magurudumu yakiwa yameachwa yaning'inie. Lijaribiwe kwanza kwa mwendo mdogo likiwa na mzigo, na boliti zikazwe upya baada ya safari za mwanzo.

Wamiliki wanakumbushwa pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu kutumika barabarani, na kwamba ni vyema kampuni ya bima ikaarifiwa kwa maandishi kabla ya mabadiliko kufanyika, ili fidia isije ikabishaniwa baada ya ajali. Kwa magari ya Serikali, matengenezo yapitie Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) kwa mujibu wa taratibu.

Abiria anayepanda gari kuelekea hifadhini au zahanati ya mbali hana namna ya kujua kilichofanyika chini ya sakafu aliyoikanyaga. Dhamana ya usalama wake ipo mikononi mwa mmiliki na fundi, tangu siku wanapokubaliana sentimita za kuongeza.