Jenereta la Nyumbani Lipimwe kwa Friji, Si kwa Pampu

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 uliwasukuma Watanzania wengi kununua majenereta. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepunguza kero hiyo, lakini nguzo bado huanguka na transfoma huungua, kwa hiyo jenereta bado lina nafasi nyumbani. Ninachokipinga ni mazoea ya kununua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa nyumba nyingi za mjini jenereta la kilowati 2 linatosha, na kubwa kuliko hilo hula pesa ya bure kila linapowashwa.

Chukua nyumba yenye taa nane za wati 10, feni tatu za wati 60, televisheni ya wati 100, ruta na chaji za simu wati 50, na friji ya wati 150. Jumla haifiki wati 600. Kinachotisha ni friji: kompresa inapoanza kuzunguka huweza kuvuta, kwa muda usiozidi sekunde chache, mara nne au tano ya umeme wake wa kawaida, kisha hutulia. Ongeza wati 600 za mvuto huo na bado uko kwenye 1,200 hivi. Hapo soma kibati cha mashine kwa makini, maana huwa na namba mbili: ya juu kabisa, ambayo mashine huistahimili kwa muda mfupi tu, na ya kudumu. Wauzaji hupenda kutaja ya kwanza. Wewe nunua kwa ya pili.

Sasa mafuta. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya takriban uniti 9, na jenereta dogo lenye mzigo wa kutosha hurudisha kama uniti 2. Nyingine yote huishia kwenye joto, moshi na kelele. Mashine ya kawaida ya petroli lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ili itoe hezi 50, iwe imebeba nyumba nzima au taa moja. Ndiyo maana kwa robo ya mzigo huweza kuteketeza karibu nusu ya mafuta ya mzigo kamili. Kilowati 6 kuendeshea wati 600 ni basi la abiria 60 kwenda Morogoro na abiria sita.

Watu husema mashine kubwa haichoki. Ni kweli kwamba haifai kuikamua mashine hadi ukomo wake usiku kucha, lakini mzigo mdogo mno nao una madhara: injini ya dizeli isiyopata joto la kutosha huacha masizi na mafuta yasiyoungua kwenye ekzosi. Hoja nzito zaidi ni pampu ya kisima. Pampu ya nguvu ya farasi moja huweza kudai wati 3,000 au zaidi inapoanza, na jenereta dogo litashindwa kuizungusha. Lakini hiyo ni kazi ya muda mfupi kwa siku. Simtanki la lita 2,000 juu ya mnara, likijazwa umeme wa gridi ungalipo, huweza kuitosha familia ya watu watano kwa siku kadhaa, nalo halina injini ya kuharibika. Pasi na birika navyo vinaweza kusubiri.

Pesa iliyookolewa inunue swichi ya chenjiova. Wapo wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme huo wa volti 230 hurudi hadi kwenye transfoma ya mtaa, ambayo huupandisha kufikia volti 11,000 au 33,000 kwenye laini ambayo fundi aliye juu ya nguzo anaamini imezimwa. Mashine nayo ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, kwa sababu kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huwaua watu wakiwa usingizini. La kilowati 2 watu wawili hulibeba bila shida hadi karibu na uzio. Lile zito ndilo huishia kuwashwa barazani, kwa kuwa hakuna wa kulisogeza.