Kupunguza uzito Kasapa: uliza bei ya mwezi wa 12

Mtu anayetaka kupunguza kilo hapa mtaani kwetu Kasapa hakosi wauzaji. Yuko wa chai ya kukata tumbo, yuko wa vidonge, na jumba la mazoezi linatangaza ofa ya mwezi wa kwanza. Wote watakutajia bei ya kuanzia. Wewe uliza bei ya mwezi wa 12, kwa sababu kilo hurudi pale pesa au nguvu ya kuendelea inapokwisha.

Nianze na visivyostahili hata franga moja. Chai nyingi za kupunguza uzito kazi yake ni kuharisha, mara nyingi kwa majani ya sena. Ukipanda mizani kesho yake utaona umepungua, kumbe kilichotoka ni maji na choo. Mafuta ya mwili yako palepale. Ukinywa maji, uzito umerudi. Ukiizoea chai hiyo, mwili hupoteza potasiamu, ambayo moyo hauwezi kufanya kazi bila hiyo.

Vidonge visivyotaja kilichomo ni vibaya zaidi. Dawa ya sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini wakaguzi wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni mitishamba mitupu. Usinunue, hata kama jirani yako amepungua kweli.

Sindano za semaglutide ni dawa halali na zinafanya kazi. Ugumu uko kwenye hesabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, walioacha sindano hizo walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza, ndani ya mwaka mmoja tu. Maana yake unaingia gharama ya kila mwezi ambayo huijui mwisho wake. Tena kalamu ya sindano ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, na umeme wetu unajulikana. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari kuhusu kalamu bandia. Kama daktari hajakuandikia na duka haliwezi kukuonyesha friji yake, pita.

Jumba la mazoezi ni zuri kwa mwenye uwezo wa kuliendea mwaka mzima. Kabla ya kulipa, hesabu yote. Tuseme mwezi ni dola 20, na nauli ya kwenda na kurudi ni dola 1, mara 3 kwa wiki. Kwa mwaka hiyo ni dola 240 na nyingine 156 za nauli, jumla 396. Hapo bado pesa ya kujiandikisha, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei ya mwezi. Uliza pia kiwango chao cha kubadilisha: bei ikitajwa kwa dola nawe ukalipa kwa franga, tofauti na kiwango cha wabadilishaji wa barabarani inatoka mfukoni mwako. Ukilipa kwa dola, noti yenye mpasuko mdogo itakataliwa. Mwisho uliza umeme ukikatika jenereta inawashwa au la, maana mashine ya kukimbilia isiyo na umeme ni kigoda. Usilipe miezi 3 kwa mpigo kabla hujamaliza mmoja.

Sasa chaguo la bei ndogo, ambalo ndilo lenye ushahidi mzito. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformin. Jingine lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kubadili chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, wengi wao kwa kutembea. Matokeo yalitoka mwaka 2002: vidonge vilipunguza kisukari kwa asilimia 31, chakula na mazoezi kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Sizungumzii kuwa mwembamba kama kijana wa miaka 18.

Dakika 150 ni nusu saa, siku 5. Huku Kasapa tuna njia za kampasi ya chuo kikuu na vichochoro vya mtaa, hakuna kiingilio. Gharama ni viatu. Viatu vipya vya bei ya chini kabisa huwa na soli ngumu. Kwa pesa hiyohiyo mtumba mzuri unaweza kukufaa zaidi, ila ukague. Kikunje kiatu mbele: kinatakiwa kupinda penye vidole, si katikati. Bonyeza kwa kidole gumba ile sponji iliyo kati ya soli na ngozi. Ikibaki imebonyea au ikipasuka vipande, imezeeka. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi imekauka. Hesabu na pesa ya mshonaji, maana soli ikiachia wiki ya pili umenunua mara mbili. Kiangazi toka mapema kabla magari hayajatimua vumbi. Mvua zikianza Novemba, tafuta njia isiyo na tope. Akina mama, tembeeni wawili.

Lakini kutembea peke yake hakutoshi. Saa nzima ya mwendo wa kawaida huchoma kama kalori 300, na chupa moja kubwa ya bia inazirudisha zote. Soda ya sentilita 30 ina takribani gramu 30 za sukari, wakati WHO ingependa mtu mzima asizidi kama 25 kwa siku. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ni bora, mradi muuzaji hajaongeza sukari. Hapa ndipo pesa inaporudi mfukoni: kila chupa usiyonunua ni akiba.

Bukari, yaani ugali, usiiache. Punguza donge, ongeza mboga. Mahindi uliyosagisha bila kukoboa yana nyuzinyuzi na hushibisha zaidi kuliko unga mweupe wa mfuko, ila hayakai: kiini cha mahindi kina mafuta, unga huchacha, basi sagisha kidogokidogo. Adui mkubwa ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120, na wengi wetu tunamimina kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko.

Kwa mboga, lengalenga na matembele huiva haraka kwa makala (mkaa) kidogo. Sombe, majani ya muhogo, hula muda, na mara nyingi huishia na mafuta na karanga nyingi. Maharagwe ni rahisi kwa kilo, lakini makala yake ni gharama iliyojificha. Yaloweke usiku, mwaga maji, funika sufuria. Ndagala wakavu wanaonekana ghali, ila hulipii maji, na kiganja kimoja kinalisha. Samaki na kuku wa barafu: uliza uzito baada ya barafu kuyeyuka. Na popote unapopimiwa kwa kopo, tazama kitako chake, maana mengine yamegongwa yakaingia ndani. Mwambie tu, «Mama, nipimie na lile jingine.»

Mizani ya nyumbani inaweza kungoja. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima kati ya mbavu ya chini na mfupa wa nyonga, asubuhi, mara moja kwa wiki. Mwanamke akizidi sentimita 88 na mwanaume 102, hatari ya maradhi imepanda sana. Utepe wa kitambaa hutanuka, ulinganishe na rula kila baada ya miezi michache.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, muone daktari kabla ya kupunguza chakula. Sukari inaweza kushuka ghafla. Zahanatini uliza bei ya fishi (kadi ya mgonjwa), ya kumuona daktari na ya vipimo, kila moja kivyake, kabla hujakaa kwenye benchi.