Shilingi Ngapi Kukesha na Mgonjwa?

Cheyo nilikwenda kwa habari ya maji. Habari hiyo haikuandikika, na sababu ni safu moja ya kaunta buku, ile ya mwisho kulia, iliyoandikwa juu kwa kalamu nyekundu: THAMANI (TSH).

Daftari ni la mweka hazina wa asasi ndogo inayotembelea wazee wanaoishi peke yao, Cheyo na kata jirani za mji wa Tabora. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Aliniomba nisimtaje jina wala asasi yake, kwa kuwa maombi yao ya ruzuku bado yako mezani kwa watu, na mfadhili, anasema, hapendi kujisoma gazetini kabla hajasaini. Nilimsalimu kwa Kinyamwezi, “Mwangaluka, mayo”, akaitikia, akaucheka ulimi wangu, kisha akanivutia kiti.

Kila ukurasa una safu tano: tarehe, nani, kafanya nini, muda, thamani. Jumanne, mwanachama mmoja kamchotea bibi maji ndoo tatu na kumfulia: saa mbili, sh. 2,000. Siku hiyohiyo kijana wa baiskeli kampeleka mzee hospitali ya Kitete kupima presha na kumrudisha: sh. 4,000. Jumatano, unga wa uji kilo moja, kutoka jikoni kwa mwanachama: sh. 2,000. Alhamisi, kumkata bibi kucha na kumsomea barua ya mwanawe: nusu saa, sh. 500. Hiyo mia tano imefutwa na kuandikwa tena, karatasi imetoboka kidogo. Ijumaa, kukesha na mgonjwa, tangu magharibi hadi asubuhi. Kwenye thamani pana kistari tu.

Nilipofunua kurasa za mbele, vistari vikazidi. Vyote ni vya kukesha.

“Hapo nimeshindwa, mwanangu,” alisema. “Hayo mengine yote nimeyapatia bei.”

Daftari lilizaliwa na hasira. Maombi yao ya kwanza yalirudi. Jedwali la bajeti lilikuwa na safu mbili, fedha zinazoombwa na mchango wa asasi, nao kwenye ya pili walijaza sifuri, kwa sababu benki hawakuwa na kitu zaidi ya pesa ya makato ya mwezi. Barua ya majibu ilisema haionekani kama jamii inashiriki.

“Sifuri! Watu wanaamka alfajiri kwenda kumgeuza mzee kitandani asipate vidonda, halafu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, naandika sifuri.”

Aliyewahi kuomba ruzuku hahitaji kusimuliwa mengine: cheti cha usajili chini ya Sheria ya NGO Na. 24 ya mwaka 2002, katiba, TIN, akaunti yenye watia saini, muhtasari wa kikao, taarifa ya mwaka kwa Msajili. Tangu Foundation for Civil Society ianze kutoa ruzuku mwaka 2003, kizazi kizima cha makatibu wa asasi kimejifunza kuandika lengo kuu, malengo mahususi na viashiria. Wanachama wapya huchanganya ruzuku na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, wakaogopa kudaiwa. Hayo yote huyu mama ameyazoea. Kilichomkosesha usingizi ni ile safu ya pili.

Kwingine kuna kanuni. Marekani, shirika la Independent Sector hutangaza kila mwaka thamani ya saa moja ya kujitolea; kwa mwaka 2023 ilikuwa dola 33.49, na asasi za huko huichukua kama ilivyo na kuipachika kwenye maombi. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2011, na njia yake kubwa ni kuuliza: ungemwajiri mtu aifanye kazi hii, ungemlipa ngapi? Mwalimu wetu hajauona mwongozo huo. Alipita mtaani akauliza dobi anatoza ngapi, bodaboda wa kwenda Kitete anataka ngapi, unga dukani umefika ngapi. Akafika palepale walipofika wataalamu.

Ila kukesha hakuna anayekuuza mtaani. Ndugu yake mmoja, muuguzi, alimtajia kiasi anachotoza mtu wa kazi hiyo akiitwa nyumbani kwa mtu mwenye uwezo. Alikipiga kwa usiku wote uliomo daftarini, akashtuka. “Ningekiandika kile, mchango wetu ungeupita msaada tunaouomba. Wangeniuliza, sasa mnaomba nini?”

Akajitokeza na mtaalamu wa maandiko, mmoja wa wale wanaoandikia asasi kwa makubaliano ya asilimia 10 ruzuku ikitoka. Huyo hakuwa na shida na vistari. Alishauri waandike baiskeli kumi za kukodi. “Baiskeli zetu ni mbili,” alisema mwalimu, “na moja haina breki.” Hakumwita tena.

Tabora ni mji uliozoea mali ya pwani yenye masharti. Mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Ituru, hapo karibu na mji, alichukua bidhaa kwa mkopo kwa tajiri Taria Topan wa Unguja, akadaiwa pembe za ndovu. Mpagazi wa Kinyamwezi naye alipatana ujira wake kabla hajainua mzigo begani. Hakuambiwa na mtu kwamba nusu ya safari ni mchango wake.

Nalisema hili kwa sababu ya kilichofuata. Wanachama waliliona daftari. Mmoja alijumlisha mistari yake tangu Januari, ikapita sh. 180,000, akauliza kikaoni: zangu ziko wapi? Hakuwa anatania. Mwenye baiskeli yenye breki haonekani wiki kadhaa sasa. Wapo pia waliozidisha bidii, kina mama ambao hata waume zao hawakujua wanakokwenda asubuhi, na ambao sasa huja kuomba mstari wao usomwe kwa sauti. Nilimuuliza mwalimu kama daftari limejenga au limebomoa. Alisema nimuulize mwakani.

Bajeti waliyotuma ina posho ya mafunzo, siku mbili ukumbini, chai na vitafunwa. Fomu inaruhusu. Anayemgeuza mzee kitandani hana posho, kwa sababu yeye ndiye “mchango”. Nimejaribu kutafuta hoja ya kuutetea mpango huu, sijaipata. Atakayekaa kitini analipwa, aliyeinama anahesabiwa kwa niaba ya wengine.

Kuna mstari mwingine ulionisimamisha. Bibi mmoja anayetembelewa, macho hayaoni vizuri, aliwamenyea wanachama karanga za kikao. Mwalimu alisita: bibi ni mnufaika, na fomu ina orodha yake ya wanufaika, pembeni kabisa na wachangiaji. Mwishowe alimwandika kwenye safu ya “nani” kama wengine. Karanga, kumenya, saa moja, sh. 1,000. Mwenyekiti alitaka mstari huo uondolewe, usije ukachanganya watu. Haujaondolewa.

Siku ya mwisho ya kutuma ilipofika, vistari vilikuwa 41. Mwalimu hakuvitilia bei. Jumla aliiandika bila hivyo, kisha akachukua karatasi nyingine, akaorodhesha usiku wote 41 kwa tarehe, akapiga muhuri wa asasi na kuibana nyuma ya bajeti. Nilisoma maelekezo ya fomu nikiwa pale mezani kwake. Kipengele cha mwisho kinasema viambatisho visivyoombwa havitasomwa.

“Nimekiona,” alisema.