Mlango usiofungwa Songea: ni uaminifu au ni uzembe?

 

Ndugu zangu Waislamu, kila tunapokutana na jamaa zetu wanaoishi Dar es Salaam, swali moja halikosi: "Sheikh, hivi ni kweli kwenu Songea watu wanaacha milango wazi?" Wengine huuliza kwa mzaha, na wengine kwa kutamani, maana nyumba zao zimezungukwa na nondo kila upande. Swali hili linastahili jibu la kweli, kwa sababu linagusa mafundisho mawili makubwa ya dini yetu, nayo ni amana na tahadhari.

Jibu ni kwamba ilikuwa kweli, lakini nusu tu. Nilipokuwa mtoto huko Mfaranyaki, mama yangu, Allah amrehemu, alipokwenda shamba aliegesha mchi mlangoni akaondoka. Mchi ule haukuweza kumzuia mtu yeyote. Ulikuwa ujumbe tu kwamba mwenyewe hayupo, urudi baadaye, na watu waliuheshimu. Hata hivyo, haki isemwe: usiku ulipoingia, mama yule yule alisukuma komeo na kulijaribu mara mbili kabla ya kulala. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Wala tusidhani kwamba watu wa wakati ule walikuwa malaika. Wezi wa kuku walikuwepo. Kilicholinda nyumba mchana ni macho ya majirani. Balozi wa nyumba kumi alimjua kila mgeni aliyeingia na mahali alipofikia. Tena mali yenyewe ilikuwa chache: debe la mahindi, jembe na sufuria. Leo nyumba hiyo hiyo ina televisheni, simu na fedha za mahindi yaliyouzwa jana. Mji nao umekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 203,309 katika Manispaa ya Songea, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 280,000. Mtaa ambao nusu ya wakazi wake ni wapangaji wa mwaka huu hauwezi kulindwa na mchi.

Je, dini inasemaje? Katika hadithi ya Jabir (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha usiku unapoingia tufunge milango huku tukitaja jina la Allah, tufunike vyombo na tuzime taa, akaeleza kwamba shetani hafungui mlango uliofungwa. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu aliuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Basi anayeacha mlango wazi usiku na kusema "Mungu atalinda" ameshika nusu ya mafundisho na kuiacha nusu nyingine.

Wanazuoni wa fikihi nao, walipoeleza hukumu ya wizi, wengi wao walishurutisha kwamba mali iwe imechukuliwa kutoka katika hifadhi yake, ambayo huitwa hirzi, na hifadhi hiyo hupimwa kwa ada ya watu wa mahali. Nyumba iliyoachwa wazi bila mtu haihesabiwi kuwa hifadhi kamili. Hii haina maana kwamba aliyeiba humo hana dhambi, la hasha! Haramu ni haramu hata mlango ukiwa wazi. Lakini inatufundisha kwamba mwenye mali naye ana wajibu, asimwekee kishawishi mbele yake kijana mwenye njaa.

Pamoja na hayo, kufuli peke yake haitoshi. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Allah (S.W.) ametukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba ruhusa huombwa mara tatu, na asiyejibiwa aondoke. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipoondoka mlangoni kwa Sayyidna Umar (R.A.) baada ya mara tatu, Umar alimtaka alete shahidi wa hadithi hiyo, na Abu Said al-Khudri (R.A.) akamshuhudia. "Hodi" yetu ya mara tatu, ambayo bibi zetu walitufundisha kabla hatujaijua hadithi, inakwenda sawa na Sunna hiyo. Huo ndio mlango wa kwanza wa nyumba, nao umo ndani ya moyo wa anayekuja. Ukivunjika huo, chuma hakitasaidia sana.

Tuliyaona hayo wenyewe. Februari 2012 mji wetu uliingiwa na hofu kutokana na mfululizo wa mauaji. Uvumi wa ushirikina ukaenea, wananchi wakaingia barabarani kulalamika, na katika vurugu hizo watu wakapoteza maisha. Nakumbuka jioni zile. Milango ilifungwa kabla ya Magharibi, na aliyepiga hodi hakujibiwa haraka hata kama sauti yake inajulikana. Hofu ilimgeuza jirani kuwa mtuhumiwa. Ndiyo maana Suratul Hujurat, aya ya 6 na ya 12, imetuonya tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, na tujiepushe na dhana nyingi. Na ndiyo maana kumpiga au kumchoma moto mtu anayetuhumiwa kwa wizi ni dhulma. Apelekwe kwenye vyombo vya sheria.

Niliporudi nyumbani kutoka chuoni, nilinunua kufuli kubwa nikalitia mlangoni kwa mama. Jirani yetu, bibi mtu mzima, alikuja akalitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, tumewakosea nini?" Nilikosa jibu, elimu yangu yote ikaniishia pale mlangoni. Mama hakuliondoa kufuli. Alichukua ufunguo wa pili, akamkabidhi bibi yule mbele yangu, akasema: "Huu ukae kwako." Bibi akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Tangu siku ile hakuuliza tena.

Baadaye niliposoma tafsiri ya Suratun Nisaa, aya ya 58, inayotuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, nilimkumbuka mama. Wafasiri wengi wanaitaja aya hii pamoja na kisa cha ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (S.A.W.) aliuchukua ufunguo kwa Uthman bin Talha, kisha akamrudishia mwenyewe, ingawa wapo jamaa zake waliouomba. Ukoo huo, Bani Shayba, unaushika hadi leo. Nyumba tukufu kuliko zote duniani ina kufuli, na ufunguo wake ni amana mikononi mwa watu.

Basi nasaha yangu kwa kila familia: fungeni milango, hasa usiku, hasa mnapowaacha watoto ndani. Wafundisheni watoto hodi tatu na kurudi bila kinyongo. Mpangaji mpya akihamia, mpelekeeni hata sahani ya makande, mumjue naye awajue. Kisha kila mmoja ajiulize: je, katika mtaa huu, nina jirani ninayeweza kumwachia ufunguo? Na je, yupo anayeweza kuniachia wake? Mtume (S.A.W.) ameapa kwamba haamini kikamilifu mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie miji yetu amani, na atujaalie tuwe watu wa kuaminiwa. Amin.